Meli Iliyosukwa Rasta

Maishani nimemwonea wivu mtu mmoja tu kwa dhati, na mtu huyo nililala naye kitanda kimoja kwa mwaka mzima.

Alikuwa binti wa mama mdogo. Alikuja kwetu Bondeni, mtaa wa Nakuru, katikati ya mwaka wa 2007, baada ya mvua kuingiza maji kwenye chumba alichopanga Kihoto, kule Naivasha. Shule aliiacha kidato cha pili. Alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la maua, ya kupanga waridi kwa urefu na kuzifunga mafungu, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya miiba. Mama alimwambia, "Hapa ni kwenu." Mimi akaniambia, "Songa." Kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa amepata kiti kwenye kibanda cha ususi karibu na soko, na wanawake walikuwa wanamngoja kwenye foleni. Mimi nilikuwa na digrii ya historia ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, na ilikuwa imenichukua miezi minane kupata kazi ya kubadilisha betri za saa.

Nilifanya kazi hiyo kwa mzee mmoja wa Kihindi, fundi wa saa, aliyezaliwa Nakuru kama mimi. Duka lake lilikuwa na milango ya mbao ya rangi ya kijani na meza moja chini ya dirisha. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumwandikia risiti na kufungua vifuniko vidogo. Kiswahili chake hakikujali ngeli, lakini chetu pale mjini hakikuzijali sana pia, na tulielewana.

Mwezi wa nane binti yake aliyeishi ng'ambo alimtumia boksi kubwa. Ndani yake mlikuwa na meli ya kivita ya zamani, ya plastiki, katika vipande vilivyoshikana kwenye fremu kama maharage kwenye ganda: milingoti mitatu, mizinga sabini na zaidi, na hata ndoo za mabaharia. Juu ya boksi palichorwa bahari yenye hasira na moshi wa vita.

"Kwa nini meli ya vita, Mzee?" nilimuuliza. Wakati huo nilikuwa nauliza kila kitu. Nilikuwa nimemuuliza mchungaji wetu swali moja mpaka akaacha kunisalimia. "Meli kama hizi si ndizo zilizozunguka zikitafuta watu wa kutawala?"

Akacheka. "Baba yangu kuja na meli. Chini kabisa, pamoja na mizigo. Yeye hapana ona bahari hata siku moja. Sasa mimi nashika meli yote mkononi." Akaipima sehemu ya chini ya meli kwa kiganja. "Wewe ona, nani mkubwa?"

Hakutaka kuijenga kama ilivyochorwa kwenye boksi. Alitaka iwe ya kijani, kijani cha milango ya duka lake, na alikuwa na mabaki ya rangi hiyo kwenye mkebe. Tuliilainisha kwa tarpaini. Taji la sanamu ndogo ya mfalme iliyokaa mbele ya meli nililikwangua mimi mwenyewe kwa tupa, kwa furaha. Midomo ya mizinga, ambayo kiwandani iliachwa imezibwa, tuliitoboa mmoja mmoja kwa keekee yake ndogo ya kazi ya saa. Sitaha tuliipaka rangi ya maziwa, kisha tukasugua juu yake rangi ya viatu ya kahawia, ikakaa kwenye mifereji, ukaona mbao kabisa. Matanga ya plastiki tuliyatupa. Mama aliuza mitumba ya watoto, nami nikaiba shuka la kitanda cha mtoto lililochakaa, nikalichemsha kwenye strungi, chai isiyo na maziwa, hadi likawa na rangi ya kitu kilichopigwa na jua miaka mingi, nikakata matanga kumi na mawili. Mzee aliyapeleka dirishani.

"Safi," akasema.

Neno hilo hakulitoa ovyo. Lilikuwa la tatu tangu nianze kazi, na ninaweza kukwambia mawili ya kwanza yalikuwa ya nini.

Mwezi wa tisa tuligundua kwamba ubavu mmoja wa meli ulikuwa umepinda tangu kiwandani, haukukutana na mwenzake. Mzee alichemsha maji, akayaacha yapoe hadi kidole kivumilie mtu akihesabu moja, mbili. Akamwaga polepole huku mimi nimeshika ncha mbili. Nilihisi plastiki ikilegea mikononi kama mkate uliochovywa. "Maji ya kuchemka hapana," akasema. "Itakufa. Na mtu mmoja hapana. Mmoja mwaga, mmoja shika." Ubavu ukanyooka. Siku hiyo aliniruhusu kutumia lenzi yake ya jicho, ile nyeusi ya fundi wa saa, iliyoning'inia shingoni mwake kwa uzi miaka yote. Nilidhani nimekubaliwa. Meza ile chini ya dirisha ilikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu aliyeniuliza digrii yangu inafanya nini, na niliitaka iwe yangu peke yangu.

Halafu binti wa mama mdogo akaniletea chakula.

Ilikuwa siku ya kawaida, saa saba mchana. Aliingia na kikopo cha githeri, mahindi na maharage, akamsalimu Mzee, akaja kusimama nyuma yangu. Nilikuwa nafunga ngazi za kamba, zile zinazopanda kutoka pembeni mwa meli hadi juu ya mlingoti. Zilizokuja kwenye boksi zilikuwa nzito kama wavu wa golini, kwa hiyo nilikuwa nazisuka upya kwa uzi wa cherehani. Kila fundo lilinitoa jasho. Kwa siku nne nilikuwa nimemaliza nusu ya ngazi moja.

"Hiyo nini?"

"Ngazi za mabaharia. Zinafika hapa kwenye foromali." Neno foromali nilikuwa nimelitoa kwenye kamusi. Ni ule mti wa kulala unaoshika tanga, na nilipenda kulisema.

"Vile vijiti?"

"Foromali."

"Sawa. Na mbona unafunga kama unafunga gunia la viazi?" Akacheka, akaweka githeri mezani. "Sogea kidogo, dada. Hii ni rasta tu."

Alitoa mfukoni fungu la nywele za bandia, mabaki ya mteja wa asubuhi. Akachomoa nyuzi chache, akazigawanya, akazisokota kwa ncha za vidole hivi na hivi, na mbele ya macho yangu ikatokea kamba. Si uzi uliofanana na kamba. Kamba yenyewe, ndogo, yenye mikunjo inayoonekana. Akaanza kufunga vidaraja vya ngazi bila kutazama mikono, akiniambia habari za mteja aliyetaka kusukwa kama mtangazaji wa habari. Githeri haikuwa imepoa alipomaliza ngazi moja.

Mzee aliinuka kwenye kiti chake. Alikuja na lenzi, akainama mpaka ndevu zake zikagusa sitaha.

"Hii nani fanya?"

"Mimi, Mzee. Nywele hizi ni nambari moja, nyeusi. Kama unataka kahawia ya kuchomwa na jua kuna nambari ishirini na saba."

"Kamba ya kushika mlingoti nyeusi," Mzee akasema polepole, kama mtu aliyeota jambo hilo. "Kamba ya kuvuta tanga, ishirini na saba." Kisha akasema, "Safi. Safi sana."

Mara mbili kwa pumzi moja. Mimi nilikaa pale na nusu ngazi yangu, nikala githeri.

Tangu siku hiyo binti wa mama mdogo alikuja kila mchana wateja wake walipopungua. Alikaa kwenye stuli yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha, na mimi nikahamia kwenye kaunta, kwenye risiti. Mzee alimwonyesha jinsi ya kutumia kibanio. Alimpa lenzi. Walicheka pamoja. Yeye alimuuliza Mzee mambo ambayo mimi sikuwahi kumuuliza, ya kijinga kabisa: kama mke wake marehemu alisuka nywele, kama Wahindi hula waru, yaani viazi. Nilijiambia kwamba mimi huuliza maswali makubwa. Lakini yeye ndiye aliyejibiwa.

Nilijaribu hoja. Nikiwa kwenye kaunta nilisema kwa sauti kwamba kihistoria nywele za bandia kwenye meli ya karne ile ni upuuzi.

"Na rangi ya kijani ya mlango?" Mzee akauliza bila kuinua kichwa.

"Na strungi?" akaongeza yule mwingine. "Mabaharia walikunywa strungi kwa matanga?" Wakacheka wote wawili, na yeye akanitupia macho ili nicheke pamoja nao. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuwa na ubaya wowote. Jioni alinisuka bure, akiniimbia, na mimi niliinamisha kichwa magotini pake huku nikihesabu makosa yake.

Matanga yangu kumi na mawili yalibaki yamekunjwa kwenye gazeti. Huwezi kutundika tanga kabla ya kamba kuisha. Kazi yangu yote ilikuwa inaingoja yake.

Uchaguzi wa Desemba ukaja, na vurugu zilizofuata kila mtu anazijua. Siku moja mwishoni mwa Januari, moshi ukiwa umeonekana upande wa juu wa mji, Mzee aliamua kufunga duka mapema. Binti wa mama mdogo alikuwa amekuja kunichukua ili tutembee pamoja nyumbani. Mzee aliitoa meli mezani, akaizungushia taulo.

"Mimi hapana jua duka itafungwa siku ngapi," alisema. "Watu navunja milango. Meli hapana kaa hapa."

Nikanyoosha mikono. Akanipita, akaiweka mikononi mwa mwenzangu. "Wewe iko na mkono mzuri. Maliza huko." Mimi akanipa mkebe wa brashi na rangi, na gazeti lenye matanga yangu.

Tulitembea hadi Bondeni. Yeye alitazama meli isigongwe, mimi nilitazama mgongo wake.

Ndani ya nyumba siku zilikuwa ndefu. Kulikuwa na kafyu, soko lilikuwa limefungwa, hakuna aliyekuwa na hamu ya kusukwa. Mama alishika redio na Biblia kwa zamu. Nilimuuliza kama anadhani Mungu anasikiliza redio, akaniambia niende nikachambue mchele. Katika hayo yote binti wa mama mdogo alikaa karibu na dirisha na kusuka meli. Majirani walianza kupita kuiona. "Wueh! Hii imesukwa kuliko mimi," mama mmoja alisema, na wote wakacheka, mara ya kwanza siku nyingi. Alijifunza kupitisha kamba kwenye vitundu ambavyo mimi sikuweza hata kuviona. Siku ya tisa alifunga fundo la mwisho.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo sasa. Ilionekana kama kitu kinachovuta pumzi. Kasoro moja tu: nywele za bandia zina manyoya. Kwenye mwanga kila kamba ilikuwa na vumbi la nyuzi fupi zilizosimama.

Msusi yeyote anajua dawa yake. Ukimaliza kusuka rasta, unachemsha maji, unachovya ncha, unakandamiza kwa taulo. Nywele zinalala, hazifumuki tena. Alfajiri, adhuhuri, kwenye kila kibanda cha Nakuru, birika liko motoni kwa ajili hiyo.

Alasiri hiyo Mama alikuwa ametoka kwa jirani kuulizia unga. Binti wa mama mdogo akaweka birika kwenye jiko. Mimi nilikuwa kitandani na gazeti la wiki iliyopita. Maji yalipoanza kupiga kelele akaliondoa, akaweka taulo shingoni mwa mlingoti wa kati kama anavyomwekea mteja. Kisha akasita.

"Dada."

"Eh."

"Hii plastiki itavumilia maji moto?"

Ningeweza kusema nilikuwa nasoma. Sikuwa nasoma. Niliona mkono wa Mzee ukimwaga, nilihisi ubavu ukilegea vidoleni mwangu, nilisikia "itakufa". Yote yalipita wazi kabisa, kama mtu anayepita barabarani ukimtazama kutoka dirishani. Nikageuza ukurasa.

"Wewe ndiye fundi," nikasema.

Akamwaga. Alimwaga vizuri, polepole, kuanzia juu, kama juu ya kichwa cha mtoto. Nywele zililala mara moja, zikang'aa. Lakini zilipopata moto zilijikaza pia, na mlingoti uliozishika ulikuwa umekwisha kuwa laini. Ncha yake ikaanza kuinama kuelekea nyuma. Haikuvunjika wala kutoa sauti. Ikainama tu, ikavuta na mlingoti wa nyuma, hadi meli yote ikaonekana kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Alisimama na birika mkononi.

"Imelala," akasema. "Dada, imelala."

Furaha yangu ilidumu kwa muda ambao maji yalichukua kupoa kwenye sakafu. Sitaificha, ilikuwepo, na ilikuwa tamu. Kisha yeye akapiga magoti akaanza kupangusa sitaha kwa taulo, akijisemea, "Ni mimi, ni mimi," na ile furaha ikaniachia kitu kama ladha ya sarafu mdomoni. Kwa siku zilizobaki hakuimba. Hakuniuliza kitu kingine.

Duka lilipofunguliwa alibeba meli mwenyewe.

"Mzee, nimeharibu," alisema kabla hata ya salamu. "Nilimwagia maji moto, vile tunafanyanga nywele. Sikujua."

Mzee aliiweka kwenye mwanga. Akavaa lenzi. Akapitisha kidole kwenye mpindo, taratibu, mara mbili.

"Maji ya kuchemka?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe peke yako?"

"Tulikuwa wawili."

Akainua kichwa. Hakunitazama kwa hasira. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na lenzi, na lile lingine lenye ukungu lilinitafuta kidogo kabla ya kunipata.

"Mwezi ya tisa," alisema, "ubavu pinda. Mimi mwaga, wewe shika. Wewe nasahau?"

Hapo palikuwa na mlango, na aliufungua mwenyewe. Ningesema nimesahau, na pengine angeniachia. Lakini binti wa mama mdogo alikuwa amegeuka kunitazama, na uso wake haukuwa umeelewa bado. Ulikuwa unaningoja nieleze, kama ulivyoningoja siku ile na birika.

"Sijasahau," nikasema.

Mzee akaivua lenzi, akaipangusa kwa shati, akarudi kwenye saa ya mteja. Siku hiyo hakusema neno jingine kwangu isipokuwa bei.

Njiani kurudi nyumbani mwenzangu alitembea hatua mbili mbele. Karibu na lango la mtaa akasimama.

"Kama ulitaka nitoke kwa hiyo meza, si ungesema tu? Mimi niko na kiti yangu huko kwa nywele."

"Sikutaka utoke."

"Ulitaka nini sasa?"

Nikalisukuma lango ili apite.

"Nilikuuliza," akasema. "Wewe ndiye umesoma. Ndio maana nilikuuliza wewe." Akaingia ndani akamsaidia Mama kuosha vyombo.

Katikati ya mwaka ule Mzee aliuza duka, akaenda kuishi na binti yake. Siku ya mwisho alituita wote wawili. Lenzi, vibanio, keekee na sanduku la vifaa alimpa yeye. Alivipokea kwa mikono miwili, akalia. Leo ana meza yake mwenyewe mjini ya kutengeneza saa na simu, na watu humletea simu zilizokataliwa kwingine. Mimi nilipewa meli.

"Hii wewe," Mzee alisema. "Mlingoti hapana vunjika. Pinda tu. Itanyooka. Lakini mkono yako mbili hapana tosha."

Niliibeba nikijua nimepewa adhabu, nikajifanya nimepewa zawadi. Iliwekwa juu ya kabati kando ya ile bahasha ya kaki. Kila binti wa mama mdogo, aliyekuwa amehamia kwake, alipokuja kututembelea aliitazama, akasema, "Dada, weka birika." Nami nikasema siku nyingine. Niliogopa kwamba ikinyooka itakuwa yake kabisa, kila kamba, kila fundo, na ule mpindo ndio kitu pekee ndani yake nilichoweza kusema ni kazi ya mkono wangu.

Jumapili moja hakuniuliza. Alifika kutoka kanisani, akavua viatu, akaweka maji mwenyewe, akaishusha meli. Lenzi ilikuwa shingoni mwake, kwa uzi mpya mwekundu. Niliitazama nikamwonea wivu vilevile kama zamani, sina haja ya kudanganya. Alikuwa amelitoa hata gazeti langu lenye matanga chini ya godoro, alijua tangu zamani nilikolificha.

Alimimina maji kwenye kikombe, akanisogezea.

"Haya," akasema. "Itavumilia?"

Nikatia kidole. Kiliungua kabla sijahesabu moja.

"Bado," nikamwambia. "Ni moto sana. Ngoja."

Tukakaa, kikombe kati yetu, tukingoja. Baada ya muda nikatia kidole tena, nikahesabu moja, mbili, kisha nikashika mlingoti.